Mlango wa Friza

Penrith, Sydney
Alhamisi, 12 Juni 2025

Kwako Mama Clarisse,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa heshima yote ambayo mtoto anampa mzazi wake. Natumaini barua hii inakukuta salama, mgongo umetulia kidogo, na zamu za pale nyumba ya wazee hazikuchoshi kama mwezi uliopita. Je, Yvette amemaliza mitihani yake ya nusu mwaka? Na baba yao, Mzee Wilondja, kikohozi chake kimekwisha, au bado anakataa kunywa dawa mpaka aombewe kwanza? Nawaulizia mmoja mmoja kwa sababu nimewakumbuka mmoja mmoja. Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine nitakueleza.

Najua unashangaa kuandikiwa barua na mtu anayekaa Penrith tu, mwendo wa treni na kubadilisha mara moja, mtu ambaye namba yake unayo kwenye simu. Tena barua ya mkono. Mwandiko wangu ni mbaya, niwie radhi. Huku chuoni tunachapa kila kitu. Ulizoea kunicheka kwamba Kiswahili changu cha Kenya ni kama cha redio. Leo nilitaka kuandika kama ninavyoongea jikoni kwako, lakini naona kalamu inanirudisha kwenye redio. Ukikuta mahali nimeandika kama mtu mwenye kiburi, jua ni woga.

Wiki tatu zilizopita ulinipigia simu ukaniuliza jambo kuhusu Clarisse. Nilikuambia niko kwenye kikao, nitakupigia baadaye. Sikuwa kwenye kikao. Nilikuwa nimekaa kitandani, kiatu kimoja nimevaa na kingine nimekishika. Barua hii ndiyo jibu la swali lako, ila siwezi kulijibu bila kurudi nyuma. Nakuomba uvumilie, na usome mpaka mwisho hata ukifika mahali ambapo utatamani kuichana.

Unakumbuka nilivyofika kwako. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke Meru, nimekuja kwa ufadhili kusomea shahada ya uzamivu, ile uliyowaambia watu wa kanisa kwamba ni udokta, nao wakawa wananifuata nje baada ya ibada wanionyeshe magoti yao. Chuoni kulikuwa na mpango mdogo unaoitwa Ngazi. Kazi yake ni kuwashika mkono wanafunzi wa sayansi wanaotoka mitaa ya magharibi, Merrylands, Fairfield, huku Penrith, hasa watoto wa nyumba ambazo hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Si kufaulu mitihani tu. Tulitaka wafike ule mwaka wa nne wa utafiti wanaouita Honours, kisha wapande juu zaidi, kwa sababu huko juu ukipita maabara moja hadi nyingine, watu wetu unawahesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Kila mmoja wa sisi tuliotangulia alipewa wanafunzi wachache wa kuwaongoza. Mimi nikapewa Clarisse.

Siku ya kwanza nilimkuta kwenye sinki la maabara anaosha glavu za mpira. Wenzake walikuwa wanazivua na kuzitupa kila baada ya nusu saa. Yeye alikuwa na jozi ile ile tangu muhula uanze, anaiosha, anaianika juu ya begi lake, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba sanduku la glavu pale mlangoni ni la kila mtu, naye aliona haya kuuliza. Nilicheka, akacheka na yeye. Halafu akafungua daftari akanionyesha maswali aliyoyaandika muhula mzima, maswali ambayo hakuwa amemwuliza mwalimu hata moja. Mama, yalikuwa maswali mazuri. Mengine mimi mwenyewe sikuwa na majibu yake.

Jumapili iliyofuata akanileta nyumbani. Ulinipakulia bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa kwenu, ukakaa unanitazama mpaka nikamaliza, ukamwambia Mzee Wilondja, "Huyu mtoto iko na njaa ya mama yake." Ilikuwa kweli. Tangu siku ile hazikupita Jumapili mbili sijaja. Nilipougua mafua makali ulinilaza kitanda cha Yvette siku nne, yeye akalala kwenye godoro sebuleni wala hakunung'unika.

Na uliponikabidhi Clarisse, ulinikabidhi kwa maneno. Tulikuwa tunaosha vyombo. Ulisema huko anakokwenda wewe huwezi kumfuata, Kiingereza kinakushinda, vitabu vyake huvijui, kwa hiyo kule ndani mama yake ni mimi. "Kule weye ndiye macho yangu," ulisema. Nikakubali. Nilikubali upesi, kama mtu anayepokea sahani ili nawe usichoke kuishika.

Clarisse alipofika mwaka wa tatu nilimwombea nafasi kwenye maabara yetu, kwa Profesa Lindsay, aliyekuwa anatafiti ugonjwa unaoua chaza mitoni. Unakumbuka ulivyoshtuka kusikia kwamba Wazungu wanawala chaza wabichi, tena wangali hai. Ulimwuliza mtoto kwa nini asisome ndagala, chakula cha watu. Lakini kazi ile ilimwingia. Kwa miezi minane, kila wiki, alikuwa anatoka Merrylands kabla jua halijachomoza, anakwenda kwenye mashamba ya chaza, anavaa mabuti ya mpira mpaka mapajani, anarudi na vipande vidogo vya nyama yao ndani ya vichupa. Vichupa zaidi ya mia tatu, kila kimoja kina tarehe kwa mwandiko wake mdogo. Vyote viliwekwa kwenye friza ya chumba cha tatu. Si friza kama ya nyumbani. Baridi yake ni kali mara nne au tano kuliko ya kwako, na kitu kikiwekwa humo kinakaa miaka bila kubadilika. Mlango ukibaki wazi wikiendi moja tu, kila kilichomo kimekwisha.

Profesa Lindsay si mtu wa kusifu watu. Lakini Januari ya mwaka 2023 aliniambia kwenye ngazi, huku anashuka, kwamba msichana wangu ana jicho la mtafiti. Alisema hivyo, msichana wangu. Alikuwa ameshakubali kumsimamia mwaka wa Honours, uanze mwishoni mwa Februari, kwa kazi ya vichupa vile vile. Ndiyo wiki uliyochinja kuku wawili.

Ile Jumatatu ya Februari unaijua kwa upande wako. Kwa upande wa maabara ilikuwa hivi. Wikiendi ilikuwa ya joto kali, huku Penrith ilipita digrii arobaini, na jengo letu hupoozwa siku za kazi tu. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza asubuhi. Nilikuta maji sakafuni, na mlango wa friza umeachama upana wa kiganja. Wenzangu walisikia kengele ya friza inalia, wakaja mbio. Mlinzi wa jengo akaapa kwamba wikiendi nzima alizunguka na hakusikia kengele yoyote. Wakasema friza ni kuukuu, kengele yake inalia ikipenda. Clarisse alifika saa tatu. Vichupa vyake vilikuwa vimemwagwa mezani juu ya taulo, vimeanza kunuka. Hakulia. Alivuta kiti, akaanza kuvipanga kwa tarehe.

Ubavuni mwa friza kuna daftari limefungwa kwa kamba. Kila anayefungua anaandika jina lake na saa. Jina la mwisho la Ijumaa lilikuwa la Clarisse, saa tisa na robo alasiri. Hakuna aliyempigia kelele. Wenye nchi hii hawapigi kelele, Mama, wanaandika barua pepe. Baada ya siku tisa Profesa alimwandikia kwamba kwa sasa hamwoni kama yuko tayari kwa Honours, na kwamba asingeweza kumwandikia mapendekezo ya kwenda kwingine. Na kwenye kamati ya Ngazi mtu mmoja akasema, kwa upole kabisa, kwamba labda watoto hawa tunawasukuma kupita uwezo wao. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Niliyaandika maneno yale kwenye kumbukumbu za kikao, nikaweka na nukta.

Clarisse alinifuata ofisini siku ile ile aliyopata barua. Aliniambia anakumbuka alivyoushika mkono wa friza akauvuta mara mbili, kwa sababu ukingo wa mlango ulikuwa na barafu, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ukivuta mara moja haushiki. Lakini kila alipokumbuka tena, ile kumbukumbu ilizidi kulegea. Akaniuliza kama siku ile nilipita chumba cha tatu baada yake. Kama niliuona mlango.

Nikamwambia, "Sikumbuki, Clarisse."

Kisha nikamkumbatia. Nikamwambia kila mtu wa sayansi ana siku yake mbaya, hata mimi. Akanishukuru.

Na ile Jumapili kwako. Mama Emerance wa kanisani alikuwepo na mume wake. Akauliza Clarisse anaanza lini masomo yake makubwa. Wewe ulikuwa umetoka zamu, umechoka, sikulaumu. Ulisema mbele ya wote: "Mi nilikimbia vita na huyu mtoto kwa mgongo. Leo mlango ya frigo inamshinda kufunga." Wageni wakacheka kidogo. Clarisse akainuka akaenda kuleta maji ya kunawa. Mimi nilikuwa na tonge mdomoni. Nilitafuna, nikameza, nikamega lingine.

Aliposhindwa kupata barua ya mapendekezo, alikwenda kuchukua cheti chake cha digrii peke yake, siku ya kazi, kama mtu anayekwenda posta. Akaingia ghala la vipuri vya magari pale Fairfield, ambako yuko mpaka leo. Uliniambia wakati ule nisimlazimishe, atapoa. Mimi sikumlazimisha. Nilianza hata kuja kwako Jumapili ambazo nilijua yuko kazini.

Mwaka huo huo nilipewa kuusimamia mpango wote wa Ngazi. Nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Wanafunzi walinipigia simu wakati wowote, niliwasomea kazi zao, niliwafuata mpaka kwa wazazi wao kuwaeleza kwamba utafiti nao ni kazi, si kuongeza miaka ya kukaa bure. Watano wameingia Honours. Mmoja, Aketch, ameanza uzamivu mwaka huu, na kanisa lilimpigia makofi, kisha likanigeukia likanipigia na mimi. Wewe ndiye uliyepiga kwa nguvu zaidi. Nilikuona.

Kuna jambo jingine ambalo ningeweza kuliacha, lakini nikiliacha barua hii itakuwa kama zile siku nyingine zote. Kila mwanzo wa mwaka nawafundisha wanafunzi wapya namna ya kukaa maabara. Mwaka jana, na mwaka huu tena, niliwasimulia habari ya mwanafunzi mmoja, bila kumtaja jina, aliyeacha friza wazi akapoteza kazi ya miezi minane. Ni habari inayowashika. Hakuna anayegusa simu ninapoisimulia. Mwaka huu tulikuwa kwenye ukumbi mmoja pale Fairfield, na msichana mmoja mpya, Léonie, akainua mkono akaniuliza yule mwanafunzi yuko wapi sasa. Nikajibu kwamba tumepotezana. Ghala analofanyia kazi Clarisse liko nyuma ya reli, robo saa kwa miguu kutoka pale nilipokuwa nimesimama.

Ndipo ikaja simu yako. Ulisema huelewi mtoto amepatwa na nini. Kila anapotoka nyumbani anapiga picha mlango, anapiga picha frigo, anapiga picha jiko la gesi, na akifika kituo cha treni anazitazama, na siku nyingine hata picha hazimtoshi, anarudi. Kwamba amechelewa kazini mpaka ameandikiwa onyo. Kwamba ulishika simu yake ukitafuta picha ya siku ya kuzaliwa ya Yvette, ukakuta milango mitupu, mamia na mamia, na watu hakuna. Halafu ukasema, "Kendi, weye umesoma. Huyu mtoto yangu iko na ugonjwa gani?"

Hana ugonjwa, Mama. Hajawahi kuacha mlango wowote wazi. Ile friza niliiacha mimi.

Ijumaa ile saa kumi na nusu, Clarisse ameshaondoka, niliingia chumba cha tatu kuhamisha masanduku yangu kwenda friza nyingine. Yalikuwa mengi. Mlango ulikaa wazi muda mrefu, kengele ikaanza kulia. Kuna kitufe cha kuinyamazisha, nikakibonyeza. Nilikuwa na simu sikioni, naongea na mwalimu wangu mwingine juu ya tathmini ya wiki iliyofuata, ile ambayo ingeamua kama nabaki na ufadhili au narudi nyumbani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeharibu mashine moja, nikapewa onyo kwa maandishi, na kwenu sikuwahi kulitaja. Niliusukuma mlango kwa kiwiko, nikatoka na masanduku yangu. Sikuuvuta mara mbili. Kengele sikuirudisha. Daftari sikulisaini, kwa sababu sisi wakubwa tulikuwa na mazoea mabaya ya kutosaini.

Hadi hapo ningesema nilisahau, na mtu husahau. Lakini Jumatatu asubuhi, nilipoyaona maji, nilijua palepale. Na kabla sijamwita mtu yeyote, nilinyoosha mkono nikakibonyeza kile kitufe, nikairudisha kengele kama inavyotakiwa kuwa. Ndiyo maana ilianza kulia. Ndiyo maana wenzangu walikuja mbio wakanikuta nimeshika kichwa, na kila mmoja akanionea huruma. Sikulifanya lile kwa kusahau. Nililifanya nikiwa na akili zangu zote, na lilinichukua muda wa kuvuta pumzi moja.

Sababu nilikuwa nazo. Nilijiambia mle ndani Waafrika tuko wawili tu, na ikiwa mmoja lazima aondoke, basi abaki aliyefika mbali, ili awavute wengine. Nilijiambia Clarisse ana pasipoti ya hapa na ana mama yake karibu, mimi nina viza tu. Nilijiambia mtoto mwenye akili namna ile atapata pengine. Kila mwanafunzi niliyemsaidia nilimhesabu kama malipo ya Clarisse, Aketch nikamhesabu mara mbili. Naye Clarisse alikuwa anapanga vipuri kwenye rafu na kurudi nyumbani kukagua jiko.

Siku nne baada ya simu yako nilikwenda Fairfield, nikamsubiri nje ya ghala saa ya mapumziko ya mchana. Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililonishinda kuliko yote, alikimbia kidogo kuja kunisalimu. Tulikaa kwenye ukuta mfupi karibu na malori, akanikatia nusu ya mkate wake. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, mpaka lile la kitufe, mpaka lile la kuwasimulia wanafunzi.

Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza ilikuwa saa ngapi.

Nikamwambia saa kumi na nusu.

Akasema saa kumi na nusu treni yake ilikuwa inapita Granville. Anakumbuka kwa sababu alikupigia kuuliza kama anunue mkate, ukamwambia anunue na chumvi. Akalirudia kwa Kiingereza, polepole, kana kwamba anamsomea mtu wa tatu aliyekaa kati yetu, kwamba saa hiyo alikuwa Granville. Halafu akanitazama akaniambia kuwa kwa miaka miwili, kila usiku kabla hajalala, alikuwa akijaribu kuukumbuka mkono wake mwenyewe, kama ulivuta au haukuvuta. Honi ya kazi ikalia. Akaniachia ile nusu ya mkate ukutani, akaingia ndani. Hakuniaga.

Kesho yake nilikwenda kwa Profesa Lindsay, nikampa maelezo yote kwa maandishi. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kama Clarisse ameshajua. Nikasema ndiyo. Akaniomba nitoke. Jioni hiyo alimpigia Clarisse mwenyewe, na wiki iliyofuata akamwandikia kumwomba radhi, kwamba yeye kama mkuu wa maabara alisoma daftari badala ya kuuliza watu. Wamemwambia nafasi ya Honours iko wazi kwake mwakani, kwa profesa yeyote anayemtaka, hata kama hataki tena kumwona Lindsay wala chaza. Mpaka naandika, hajawajibu. Nakuomba usimsukume. Anaweza kurudi, anaweza asirudi, na miezi minane ya mtoni haitarudi kwa vyovyote.

Mimi nimetolewa kwenye Ngazi, na ni haki. Uongo wangu niliusahihisha mbele ya wale wale niliowasimulia. Niliwaita wanafunzi wangu wote, nikawaambia yule niliyewasimulia hakuacha friza wazi, aliyeiacha ndiye anayeongea nao. Léonie aliangalia chini muda wote. Kamati ya chuo itakaa Julai kuamua kuhusu masomo yangu, na ikiwa ni kurudi Meru nitarudi. Sikuandikii hayo ili unihurumie. Nataka tu usije ukayasikia kanisani ukadhani nimekuficha tena.

Kwa nini barua, na kwa nini kwa Kiswahili? Kwa wiki mbili Clarisse hakujibu simu zangu. Halafu akanitumia ujumbe mmoja tu. Alisema Mama lazima ajue, na nisikuambie kwa simu, wala nisije kulia mbele yako ukaanza kunibembeleza, maana anakujua. Alisema tangu mfike nchi hii yeye ndiye anayekutafsiria kila karatasi, za serikali, za hospitali, za shule ya Yvette. Hata ile barua pepe ya Profesa ya kumkataa, alikutafsiria yeye mwenyewe, neno kwa neno, amesimama hapo jikoni. Hii hataki kuitafsiri. Anataka uisome mwenyewe, kwa macho yako.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nimekuandikia mara tatu nikauomba, nikachana zote, kwa sababu kila nilipouomba niliona nakupa kazi nyingine juu ya zamu zako. Ukitaka kuniambia neno, hata liwe gumu namna gani, nipo. Ukinyamaza, nitaelewa pia.

Msalimie Mzee Wilondja. Msalimie Yvette, mwambie asiache fizikia. Kanisani sina wa kumtumia salamu kwa sasa. Ningeendelea kuwataja wengine, lakini nazikata salamu hapa kwa makusudi. Katika ujumbe ule ule Clarisse aliniambia kwamba bahasha hii atakukabidhi yeye Jumamosi asubuhi, na kwamba wakati unasoma atakuwa uani, kwa sababu hawezi kuutazama uso wako kabla hujamaliza. Basi umeshamaliza, Mama. Huu ni mwezi wa Juni, baridi ya huku imeshika, na najua hatavaa koti.

Mwite aingie ndani.

Ni mimi,
Kendi